Simu ya Linux: je, memori ya ziada inafaa kulipiwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kununua simu inayoendesha Linux kamili, yaani postmarketOS, Mobian, Ubuntu Touch na ndugu zake, akakuta simu ileile inauzwa kwa bei mbili kulingana na memori (RAM). Android nayo ina keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachogawa memori, chini yake, lakini namna inavyoitunza memori ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo wengi wanapokosea wakati wa kuchagua. Mifano mingi hapa ni ya PinePhone, simu ya Linux ya kampuni ya PINE64, kwa sababu iliuzwa kwa saizi mbili za memori na bei zake zilitangazwa wazi.

Kwa kifupi: nilipe au nisilipe?

Kama unachagua kati ya GB 2 na GB 3, na kivinjari utakifungua kila siku, lipa. Kama simu ni ya kupiga na kupokea, meseji, muziki na kujifunzia Linux kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), GB 2 zinatosha. Ukishafika GB 4, uliza kwanza prosesa ni ipi ndipo uulize memori. Kati ya GB 6 na GB 8, mimi nisingetoa pesa kwa ajili ya memori peke yake.

Kwenye PinePhone, hiyo pesa ya ziada inalipia nini hasa?

Toleo la kawaida lilikuwa na RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 16, kwa dola 149. Mwaka 2020 likaja toleo la Convergence: RAM ya GB 3, hifadhi ya GB 32, na ndani ya boksi doki ya USB-C yenye HDMI, tundu la waya wa mtandao na matundu mawili ya USB. Bei ikawa dola 199.

Kwa hiyo zile dola 50 hazikuwa bei ya GB moja ya memori. Zilikuwa bei ya vitu vitatu, na ni haki yako kuvihesabu kimoja kimoja. Doki ni kitu utakachonunua popote baadaye. Hifadhi nayo unaweza kuiongezea kwa kadi. Memori tu ndiyo isiyo na siku ya pili, kwa kuwa chipu yake imechomelewa kwenye bodi. Ukiikosa siku ya kununua, umeikosa kwa maisha yote ya bodi hiyo.

Anayeagizia Afrika Mashariki asisahau kodi. VAT inapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri na ushuru. Dola 50 za ziada, kwa VAT ya asilimia 18 ya Tanzania, zinaongeza dola 9 nyingine. Kwa asilimia 16 ya Kenya, dola 8. Nauli ya mzigo nayo inaweza kupanda kidogo, maana doki inaongeza uzito wa boksi.

Nikiweka memori kadi ya GB 64, si nitakuwa nimeongeza memori?

Hapana. Memori kadi ni mahali pa kuhifadhia picha, nyimbo na mafaili. RAM ni mahali programu inapokaa wakati inafanya kazi. Unaweza kuigeuza sehemu ya kadi kuwa swapu, yaani eneo ambalo keneli inasogeza vitu visivyotumika kwa sasa, lakini kadi ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM, na inachakaa kadiri inavyoandikwa. Kadi ya bei nafuu ikigeuzwa swapu, usishangae ikifa mapema na picha zako zikafa nayo. Kuna njia nzuri zaidi, ipo mbele kwenye swali la zram.

Mbona simu ya Android ya GB 2 inanitosha?

Inakutosha kwa sababu Android inaua programu bila kukuuliza. Ukitoka kwenye programu moja kwenda nyingine, ile ya kwanza inahesabiwa kuwa inaweza kuondolewa wakati wowote memori ikibana. Waandishi wa programu za Android wanalijua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo programu inajiandaa kufa: inaweka kumbukumbu ya ulipokuwa, na ukirudi inajifungua pale pale. Wewe unaona kama haikufungwa.

Programu nyingi za Linux zilizaliwa kwenye kompyuta ya mezani. Zinaamini kwamba zikifunguliwa, zitabaki wazi mpaka mwenyewe uzifunge. Hazikujiandaa kufa ghafla. Barua pepe uliyoandika nusu, fomu uliyoanza kujaza, vyote vinaweza kupotea. Ndiyo maana GB 2 ya Linux na GB 2 ya Android hazilingani mkononi hata kama namba ni ileile.

Ubuntu Touch ndiyo inayofanana zaidi na Android hapa: programu uliyoiacha nyuma inasimamishwa, haiendelei kula prosesa, na memori ikibana inaweza kuondolewa. Ukitaka kubaki na GB 2, huo ni mfumo wa kuufikiria kwa uzito.

Memori ikiisha, naona nini?

Hili ni jambo la kulielewa vizuri, kwa sababu mtu akiliona mara ya kwanza anadhani simu imeharibika.

Memori haiishi kwa kishindo. Umefungua kivinjari, tabo ya tatu inapakia. Kidole kinasogeza ukurasa, ukurasa unafuata kwa kuchelewa. Saa ya juu inaganda kwenye dakika ileile. Unabonyeza kitufe cha kuwasha, kioo hakizimiki. Hapo keneli haijalala, inahangaika. Ili kupata nafasi, inatupa nje ya memori hata vipande vya programu zinazoendelea kufanya kazi, kwa hesabu kwamba vinaweza kusomwa upya kutoka kwenye hifadhi. Sekunde hiyohiyo programu inavihitaji, vinasomwa tena, na kwa kuvisoma kipande kingine kinatupwa. Simu nzima inabaki kusubiri hifadhi, na eMMC, yaani hifadhi ya ndani ya simu hizi, si ya haraka.

Baada ya muda, ambao unaweza kuwa sekunde kadhaa au dakika nzima, kivinjari kinatoweka. Hakuna ujumbe wowote. Unarudishwa kwenye skrini ya mwanzo kama vile hukufungua kitu. Keneli imechagua programu yenye kula zaidi na kuiua. Ukifungua terminali na kuandika

`sudo dmesg | grep -i "killed process"`

utakuta mstari unaoanza na `Out of memory: Killed process`, ukifuatiwa na jina la aliyeuawa. Mara nyingi sana jina hilo ni la kivinjari. Kwa simu, hatari kubwa ni kile kipindi cha kuganda, kwa sababu mtu akikupigia wakati huo simu inaweza isiite kabisa.

Kuna programu ndogo inaitwa earlyoom ambayo inaua mapema kabla ya kufika kwenye mgando. Kwenye simu ya GB 2 naiona ni ya lazima. Afadhali upoteze tabo kuliko upoteze simu iliyokuwa inaingia.

Ni programu zipi zinazokula memori?

Kivinjari, kivinjari, kisha kivinjari. Simu, meseji, saa, kalenda, kamera na ramani ni mzigo unaobebeka. Kurasa za wavuti za leo ndizo zinazovunja mgongo, hasa za magazeti zenye matangazo ya video na zile za mitandao ya kijamii. Kwenye Firefox andika `about:processes` mahali pa anwani, utaona kila tabo inachukua kiasi gani. Andika `about:unloads` na unaweza kuzitoa tabo kwenye memori bila kuzifunga. Kuweka uBlock Origin, kizuia matangazo cha kivinjari, kunasaidia kuliko watu wengi wanavyodhani, maana tangazo lisilopakiwa halikai kwenye RAM.

Jambo moja ambalo matangazo ya simu hayalisemi: kwenye simu hizi chipu ya picha haina memori yake. Mali-400 iliyo ndani ya PinePhone inachota kwenye RAM ileile ya prosesa. Kwa hiyo katika hizo GB 2, kuna sehemu ambayo haikuwa yako tangu simu ilipowaka.

Na WhatsApp?

Kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu, hili ndilo swali lenyewe, na linastahili jibu la moja kwa moja. WhatsApp haina programu yake ya Linux. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kuifungua kwenye kivinjari kama kifaa kilichounganishwa na simu yako nyingine ya Android au iPhone. Inafanya kazi hata ile simu kuu ikiwa imezimwa, ila ukikaa siku 14 bila kuitumia simu kuu, vifaa vilivyounganishwa vinatolewa. Tabo hiyo lazima ibaki wazi ili upate ujumbe, na ni tabo nzito. Kwenye GB 2 utaweza kukaa nayo, lakini ukifungua ukurasa mwingine mzito pembeni unaingia kwenye ule mgando niliouelezea.

Ya pili ni Waydroid, ambayo inaendesha Android nzima, iliyojengwa juu ya LineageOS (toleo huria la Android), ndani ya Linux yako. Fikiria maana yake kwa memori: mifumo miwili inaishi ndani ya RAM moja. Kwenye GB 2 ni mateso. Kwenye GB 3 inafunguka, na inakubidi uwe na nidhamu ya kuifunga kwa `waydroid session stop` ukimaliza. Kwenye GB 4 na kuendelea ndipo inaanza kuwa kitu cha kutumia kila siku. Kama maisha yako, kazi yako na vikundi vya familia viko WhatsApp na hutaki kubeba simu mbili, basi usiulize kama GB 3 inatosha. Tafuta simu ya GB 6.

Telegram ina programu yake ya Linux. Mitandao huria ya mazungumzo nayo ina zake: Matrix ina Fractal na XMPP ina Dino. Zote ni nyepesi kuliko kufungua kivinjari kwa ajili ya mazungumzo.

Malipo ya simu je, yanahitaji memori?

Hapana. Menyu za nyota na reli zinapita kwenye modemu, na hazigusi RAM ya maana. Hata kutoka terminali unaweza kuifungua menyu ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania:

`mmcli -m any --3gpp-ussd-initiate="*150*00#"`

Kisha unajibu kwa `--3gpp-ussd-respond`. Programu ya benki ya Android ni shauri jingine: inahitaji Waydroid, na baadhi yake zinakataa kabisa kufunguka humo hata uwe na memori kiasi gani. Usinunue memori kwa ajili hiyo.

Nikichagua mfumo mwepesi, si nitaokoa hizo pesa?

Ndiyo, kwa kiasi fulani, na hapa mwenye pesa kidogo ana nguvu zaidi kuliko anavyofikiri. Sxmo ndiyo nyepesi kuliko zote. Inaendeshwa kwa menyu na vitufe vya sauti, na mwenye kupenda terminali atajisikia nyumbani. Phosh, iliyotengenezwa na Purism kwa ajili ya Librem 5, inabeba vitu vya GNOME, mazingira ya Linux ya kompyuta ya mezani, na ni nzito zaidi. Plasma Mobile ina mapambo mengi na inataka nafasi.

Lakini mfumo mwepesi unaokoa memori mara moja tu, pale simu inapowaka. Ukishafungua kivinjari, ukurasa ni uleule na uzito wake ni uleule, uwe kwenye Sxmo au Phosh. Anayeishi kwenye wavuti hataokolewa na menyu nyepesi.

zram ni nini, na inaweza kuchukua nafasi ya memori ya kulipia?

zram inachukua vitu vilivyokaa bila kutumika kwenye RAM, inavibana, na kuviacha humohumo kwenye RAM vikiwa vidogo. Data ya kawaida hubanika hadi nusu ya ukubwa wake au chini ya hapo. Ni kama kukunja nguo vizuri ndani ya begi lilelile: begi halijakua, ila linabeba zaidi. postmarketOS inaiwasha yenyewe. Kuhakikisha, andika `zramctl`, na uangalie safu za `DATA` na `COMPR`: ya kwanza ni ukubwa kabla ya kubanwa, ya pili ni baada.

Inafanya kazi vizuri kweli, na kila mwenye GB 2 aiwashe leo. Gharama yake ni prosesa. Kubana na kukunjua kunafanywa na zilezile kori nne za Cortex-A53 za Allwinner A64, prosesa ya PinePhone, ambazo tayari zinahangaika na ukurasa wa wavuti. Kwa programu zilizokaa kimya nyuma, ni nafuu kubwa. Kwa tabo tatu unazoruka kati yake kila sekunde, utahisi uzito. Nikipima yote, zram kwenye GB 2 inakusogeza karibu na GB 3, haikufikishi.

Memori zaidi itaongeza kasi ya simu?

Haitaongeza. Kamera haitafunguka haraka zaidi, video haitakuwa laini zaidi, na kuwaka ni kulekule. PinePhone ya GB 2 na ya GB 3 zina prosesa moja. Utakachopata ni kuganda kwa nadra zaidi, na programu kubaki wazi muda mrefu zaidi. Ukiona simu ni nzito hata ikiwa na programu moja tu wazi, dawa ni prosesa bora: PinePhone Pro ya dola 399 ilikuja na prosesa ya RK3399S, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 128, na tofauti yake na ya kwanza inatokana zaidi na prosesa.

Betri itaisha haraka zaidi?

RAM inahitaji umeme hata simu ikiwa imelala, lakini walaji wakubwa ni kioo na modemu. Usiamue kwa kigezo hiki.

Nataka kuiunganisha na skrini kubwa niitumie kama kompyuta.

Basi lipa, bila kusitasita. Skrini kubwa inabadilisha tabia ya mtu. Kwenye kioo cha inchi 6 unafungua kitu kimoja. Kwenye skrini ya mezani unafungua LibreOffice, kivinjari na PDF pembeni bila hata kufikiri. Picha ya skrini ya pili nayo inakaa kwenye RAM ileile. Kwa matumizi haya GB 2 ni kujitesa, GB 3 ni mwanzo.

Nitajuaje mahitaji yangu kabla sijalipa?

Kama una kompyuta yenye Linux, jibu unalo tayari. Wakati wa kuwasha, kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha) bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `mem=2G`, kisha uwashe. Kwa mara hiyo tu kompyuta itajiona ina karibu GB 2. Fanya kazi zako za kawaida za simu kwa siku nzima: barua, ukurasa wa habari, WhatsApp ya kivinjari. Siku inayofuata weka `mem=3G`. Prosesa yako ni kali kuliko ya simu, kwa hiyo kasi usiipime. Pima kama programu zinauawa na kama mashine inaganda.

Wakati wa jaribio, andika pia:

`cat /proc/pressure/memory`

Mistari miwili itatoka. Angalia `full avg10`. Hiyo ni asilimia ya muda, ndani ya sekunde 10 zilizopita, ambayo kazi zote zilisimama zikingoja memori. Ikikaa kwenye sifuri, memori inakutosha, hata kama namba nyingine zinakutisha. Ikipanda na kubaki juu kila unapofanya kazi zako za kawaida, jibu umelipata.

Amri ya `free` inaonyesha memori karibu yote imetumika. Nina tatizo?

Labda huna. Linux hutumia memori iliyo wazi kuweka mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara inapohitajika. Usisome safu ya `free`, soma ya `available`. Watu wamelipia memori wasiyoihitaji kwa kusoma safu isiyo yenyewe.

Simu yenye GB 6 na ile yenye GB 8, nichukue ipi?

Fairphone 4, ambayo Ubuntu Touch inaendeshwa juu yake, ilitoka mwaka 2021 kwa euro 579 ikiwa na GB 6 na hifadhi ya 128, au euro 649 ikiwa na GB 8 na hifadhi ya 256. Hapo mimi ningeangalia hifadhi. Kama utahitaji hiyo 256, lipa na memori iwe nyongeza. OnePlus 6 ya mwaka 2018, inayopendwa na watu wa postmarketOS, nayo ilitoka kwa GB 6 na GB 8. Kwenye soko la simu zilizotumika, chagua yenye betri nzuri na kioo kisichopasuka. Hizo GB 2 za juu utazihisi kwa nadra sana, labda ukiwa na Waydroid wazi kutwa nzima.

Tayari nina PinePhone ya GB 2. Fundi anaweza kuongeza?

Kubadilisha chipu ya memori kunahitaji mashine ya kuchomelea ya BGA na fundi anayeijua kweli, na ukikosea bodi imekwenda. Usijaribu. Ila PinePhone inafunguka kwa bisibisi, na PINE64 iliuza bodi nzima ya GB 3 na hifadhi ya GB 32 peke yake. Ukiipata, unahamisha kioo na kamera, betri ni ya kuchomoa kwa mkono, kazi imeisha. Kabla ya hapo washa zram, weka earlyoom, weka uBlock Origin, kisha kaa nayo mwezi mmoja. Wengi wakifanya hivyo hawarudi kutafuta bodi.

Nimenunua ya GB 3 iliyotumika, lakini inaonyesha 2. Nimetapeliwa?

Usimpigie muuzaji bado. Programu ya kuwashia simu, U-Boot, ikiwa ya zamani hushindwa kuitambua GB ya tatu kwenye prosesa ya A64. Andika mfumo mpya wa postmarketOS au Mobian kwenye memori kadi, ichomeke, na uwashe. PinePhone huangalia kadi kabla ya hifadhi ya ndani. Fungua terminali, andika `free -h`. Ikitoka karibu na 3, simu ni nzima na unachohitaji ni kusasisha U-Boot ya ndani. Ikibaki 2, andika `lsblk` na uangalie ukubwa wa eMMC: toleo la GB 3 lilikuja na hifadhi ya GB 32, kwa hiyo ukiona karibu 16, umeuziwa toleo la kawaida na una haki ya kudai pesa yako.